Mimea na Udongo Wenye Sumu: Tutarajie Nini?

Katika miji yetu ya pwani, Tanga ikiwemo, si ajabu kuona gereji au kibanda cha vyuma chakavu kikipakana na bustani ya mboga. Betri kuukuu ya gari ikipasuliwa, tindikali humwagika na risasi hubaki ardhini. Metali hii haiozi, na hudhuru ubongo wa mtoto hata pasipo dalili za wazi.

Jirani zetu wa Owino Uhuru, Mombasa, walilijua hilo kwa uchungu baada ya kiwanda cha kuyeyusha betri kufunguliwa kando yao mwaka 2007. Julai 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3 za Kenya na udongo wao usafishwe. Hukumu hiyo ilitenguliwa katika rufaa, kisha Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024.

Je, udongo husafishwaje? Njia ya kwanza ni kupanda mimea kama alizeti na haradali, ambayo hufyonza metali, kisha ikang'olewa na kupelekwa mahali salama. Kwa risasi njia hii ni ya polepole mno, kwa kuwa risasi hung'ang'ania udongo, na kidogo inayofyonzwa hubaki zaidi mizizini. Mavuno hayo si chakula cha mtu wala cha mifugo, wala si kuni.

Njia ya pili haiondoi risasi, bali huifunga. Chokaa hupunguza ukali wa tindikali, mboji huishika metali, na fosfeti, kama ile inayochimbwa Minjingu mkoani Manyara, huungana nayo ikawa chumvi isiyoyeyuka kwa urahisi. Nyasi zilizosongamana huzuia vumbi lisifike mikononi na vinywani mwa watoto.

Kwa hiyo tusipande mchicha palipopasuliwa betri kabla udongo haujapimwa. Tulime katika vitalu vilivyoinuliwa, vyenye udongo safi. Mtoto aliyecheza mahali hapo apelekwe kwa daktari, apimwe damu. Palipochafuka sana, wataalamu waondoe tabaka la juu.

Bustani ya Edeni alikabidhiwa mwanadamu ailime na kuitunza (Mwanzo 2:15). Mimea yatusaidia kutunza, lakini haimwondolei aliyechafua wajibu wake kwa maskini wanaoishi juu ya udongo huo.