Sukari ni Tamu. Na Kazi Je?

Ndugu msomaji, unapokoroga chai yako asubuhi hii ya Jumapili, itazame kidogo sukari iliyomo kijikoni. Huenda imetoka bonde la Kilombero. Kabla haijafika mezani kwako imepita mikononi mwa watu wengi: mkulima aliyepanda muwa, mkataji aliyetoka shambani mweusi kwa masizi, dereva wa trekta, na fundi aliyekesha kando ya mitambo. Leo tunakuomba uwafikirie hao pamoja na jamaa zao. Kiwanda kinapowajengea majirani shule, zahanati na visima, je, mfanyakazi wake naye huridhika zaidi na kazi yake?

Kampuni ya Sukari ya Kilombero ilianzishwa mwaka 1960, karibu na Kidatu, pale Mto Ruaha Mkuu unapotoka milimani na kuingia bondeni. Kiwanda cha kwanza kilijengwa Msolwa. Cha pili, Ruembe, kikafuata katika miaka ya 1970. Baada ya Azimio la Arusha kampuni hiyo ikawa mali ya umma. Mwaka 1998 hisa zilizo nyingi ziliuzwa kwa wawekezaji, wakiongozwa na Illovo ya Afrika Kusini, na Serikali ikabaki na asilimia 25. Wenye mali wamebadilika, lakini mahitaji ya mkata miwa hayakubadilika: ujira wa haki, maji safi, dawa, na shule ya watoto.

Wazo la kiwanda kuwatazama watu wake si geni duniani. Robert Owen, aliyeanza kusimamia viwanda vya pamba vya New Lanark, Uskoti, mwaka 1800, alikataa kuwaajiri watoto wadogo, na mwaka 1816 akawafungulia shule. Hakupata hasara. Hapa kwetu Ifakara nako, kituo cha kuwafunza wasaidizi wa tabibu kilianza mwaka 1961, kwa msaada wa mfuko wa makampuni ya kemikali ya Basel, Uswisi. Msaada wa namna hiyo hudumu, maana aliyefundishwa huwahudumia wengine kwa miaka mingi.

Jirani ni nani?

Wema kwa jirani humfikia mfanyakazi kwa njia tatu. Kwanza, jirani huyo mara nyingi ni mkewe, mama yake au mtoto wake. Bomba la maji likifika kijijini, mke hapotezi tena asubuhi nzima akiwa na ndoo kichwani, na mume huenda zamu bila wasiwasi wa mtoto anayeharisha. Pili, ni suala la heshima. Mtu hupenda kutaja mahali anapofanya kazi bila kuinamisha macho, hasa akiwa miongoni mwa wakulima wadogo wanaokiuzia miwa kiwanda hicho hicho. Tatu, mfanyakazi huutazama wema huo kama dalili. Hujiambia: wakubwa hawa wakiwajali wasio waajiriwa wao, bila shaka siku nikiumia hawatanitupa.

Lakini hapo ndipo penye mtihani. Dalili ikikosa ukweli, hugeuka kuwa uchungu. Mtu aliyecheleweshewa mshahara, au kibarua asiyepewa glavu wala buti, akiona wakubwa wanapigwa picha wakikabidhi madawati, hafurahi. Huuliza madawati hayo yamenunuliwa kwa jasho la nani. Mtaalamu wa Marekani, Frederick Herzberg, alieleza mwaka 1959 kwamba mshahara na mazingira ya kazi yakiwa mabaya huzaa manung'uniko, lakini yakiwa mazuri hayatoshi peke yake kumpa mtu moyo. Moyo hutokana na kazi yenye maana, kutambuliwa, na nafasi ya kukua. Msaada kwa jamii unaweza kuongeza maana hiyo. Hauwezi kuwa badala ya ujira.

Somo la mwaka 1986

Historia ya Kilombero yenyewe inatufundisha kwa ukali. Mwaka 1970 ulitoka waraka wa Rais wa kuunda mabaraza ya wafanyakazi, na Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukawakataza viongozi kiburi, dharau na uonevu. Hata hivyo, mwaka 1986, wafanyakazi wa kiwanda cha sukari Kilombero walipokuwa wakidai haki zao, polisi waliwafyatulia risasi, na baadhi yao wakafa. Wakati huo kiwanda kilikuwa mali ya umma, na umma ndio wafanyakazi wenyewe. Kwa hiyo jina zuri la mwenye mali halitoshi, wala majengo hayatoshi, kama hakuna sikio la kusikiliza.

Siku hizi sheria zipo. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ni ya mwaka 2003, ya ajira na mahusiano kazini ni ya mwaka 2004, na ya fidia kwa wafanyakazi ni ya mwaka 2008. Kutimiza hayo si hisani, ni deni. Hisani huanza baada ya deni kulipwa.

Basi, ndugu msomaji, ukiwa msimamizi wa kiwanda, kabla ya kuchagua zawadi ya kijiji, waulize kwanza wafanyakazi wako. Wao ndio wanaojua kisima kipi kimekauka. Nawe mfanyakazi, usiache kwenda kwenye mkutano wa chama chako. Na sisi tunaokoroga chai, tukumbuke walivyosema wahenga: mnyonge mnyongeni, lakini haki yake mpeni. Sukari itazidi kuwa tamu ikiwa aliyeikata muwa wake naye, jioni hii, ameketi na wanawe akiwa ametulia.