Nauli Rahisi na Safari Rahisi: Kutoka Mibirizi Hadi Miji ya Ulaya

Kila mwaka kongamano la Kiswahili la Bayreuth, Ujerumani, linapokaribia, walimu na wanafunzi wetu huuliza swali lilelile: nauli rahisi hupatikana wapi? Tangu miaka ya 1980 chuo kikuu cha mji huo kimekuwa kikiwakusanya wataalamu wa Kiswahili, kwa kawaida mwezi Mei au Juni. Aliyebahatika kukubaliwa makala yake hupenda kuongeza siku mbili tatu za kutembelea Brussels au Paris kabla ya kurejea nyumbani. Katika toleo hili tumeonelea tueleze jambo hilo tukianzia hapa Mibirizi, maana miongozo mingi huanzia uwanja wa Kanombe, kana kwamba abiria wote wa Rwanda wanalala Kigali.

Msomaji mwenye sikio la lugha atakuwa amekwisha kugundua tatizo. Neno “rahisi” lina maana mbili: lisilo ghali na lisilo gumu. Katika safari za ndege maana hizo mbili aghalabu hazikai pamoja. Hata “nauli”, neno tulilolipata kutoka Kiarabu na ambalo asili yake ni ujira wa chombo cha baharini, halijumuishi gharama zote. Nauli ni ya kutoka uwanja hadi uwanja tu. Gharama ya safari ni kutoka mlango wa nyumba yako Mibirizi hadi mlango wa chumba utakacholala.

Tuanze na viza, kwa sababu hapa ndipo fedha nyingi za walimu hupotelea. Tiketi za bei ya chini kabisa kwa kawaida hazirejeshewi fedha. Anayeinunua kabla ya kupata viza anacheza bahati nasibu. Ombi la viza ya Schengen hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na lisiletwe zikiwa zimebaki pungufu ya siku 15. Ada ya mtu mzima ilipandishwa kuwa yuro 90 mnamo Juni 2024, nayo hairudishwi ukikataliwa. Bima ya matibabu ya yuro 30,000 ni lazima. Aidha, ombi hupelekwa kwa nchi iliyo lengo kuu la safari au utakakokaa siku nyingi zaidi. Mwenye siku tatu za kongamano Ujerumani na siku sita za matembezi Paris ajiandae kuulizwa anakwenda Ulaya kufanya nini hasa. Kwa hiyo tunashauri uweke nafasi inayoweza kubatilishwa au ununue tiketi yenye kurejeshewa fedha, hata kama bei yake imezidi kidogo.

Wenzetu wa Bukavu, ng'ambo ya mto Ruzizi, wana sharti la ziada. Wakongomani wamo katika orodha ya raia wanaohitaji viza ya kupita kwenye viwanja vya Schengen hata kama hawatoki nje ya uwanja, isipokuwa wawe na viza au vibali vya aina fulani. Wanyarwanda hawamo katika orodha hiyo ya pamoja. Walimu wawili walioandika makala moja, mmoja wa Rusizi na mwingine wa Bukavu, wanaweza kukuta tiketi ileile inamfaa mmoja na kumkwamisha mwingine. Uingereza nayo haimo katika Schengen. Viza ya Schengen haikuingizi London.

Sasa kuhusu bei yenyewe. Nauli hupanda wanafunzi wa Ulaya wanapofunga shule, yaani Julai na Agosti, na tena wakati wa Krismasi. Novemba, Februari na Machi mara nyingi huwa na nafuu. Tovuti za kulinganisha bei kama Google Flights na Skyscanner ni mahali pazuri pa kuanzia, lakini ukishaiona safari nenda kwenye tovuti ya shirika lenyewe ukalinganishe. Mara nyingi tofauti ni ndogo, na likitokea la kutokea unazungumza na shirika badala ya wakala usiyemjua.

Jihadhari na tiketi mbili zilizounganishwa na wewe mwenyewe: kwa mfano moja ya Kigali hadi Brussels, na nyingine ya shirika la bei nafuu kutoka Brussels. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halina deni nawe. Mzigo wako nao utaushusha na kuukabidhi upya, jambo ambalo hufanyika baada ya kuingia nchini. Ukiwa na tiketi moja ya safari nzima, shirika ndilo linalotafuta njia ya kukufikisha. Tena yapo majina ya viwanja yenye kughilibu. “Brussels South” ni Charleroi, mji mwingine kabisa. “Frankfurt Hahn” uko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt. Uwanja wa Beauvais, unaouzwa kwa jina la Paris, uko kilomita 80 hivi kutoka mjini.

Hapa tuwape wanafunzi zoezi. Tiketi imeandikwa: Jumanne tarehe 12, 00:40. Uende uwanjani lini? Kwa Kiswahili ni saa sita na dakika arobaini usiku wa kuamkia Jumanne, maana yake uwe Kanombe Jumatatu tarehe 11 jioni. Kiswahili kinalieleza jambo hili vizuri kuliko tiketi yenyewe, na Kinyarwanda pia huhesabu saa kwa mtindo huohuo. Hivyo basi mwanafunzi aisome tiketi, aitamke kwa Kiswahili, kisha aandike siku ya kuondoka nyumbani. Tukumbuke pia kwamba saa za Rwanda na za Brussels hulingana wakati wa kiangazi chao, wakati wa baridi wao wakawa nyuma kwa saa moja. Ukipitia Nairobi, wao wako mbele yetu kwa saa moja.

Basi kutoka Kamembe hadi Nyabugogo kupitia msitu wa Nyungwe na Huye huchukua saa sita hivi, na katika mvua za Machi hadi Mei maporomoko ya udongo huweza kuifunga barabara. Kamembe pana uwanja wa ndege, na safari ya Kigali haifiki saa moja, lakini ratiba yake uiulizie kwanza. Kwetu sisi, kulala Kigali usiku mmoja kabla ya kuruka ni sehemu ya nauli. Kutoka Nyabugogo hadi Kanombe chukua teksi ikiwa una sanduku kubwa. Pikipiki ni rahisi, kwa maana ya kwanza tu.

Huko Ulaya treni ndiyo mkombozi. Uwanja wa Brussels una stesheni chini yake, na baada ya dakika 20 hivi uko katikati ya mji. Paris, treni ya RER B hutoka uwanja wa Charles de Gaulle hadi Gare du Nord. Anayekwenda Bayreuth ashuke Frankfurt au Munich, apande treni hadi Nürnberg, kisha abadilishe. Tiketi za treni za Ujerumani zikinunuliwa mapema hushuka bei sana, ila zile za bei ya chini hufungwa kwa treni moja maalumu. Acha nafasi ya saa tatu au zaidi kati ya kutua na kuondoka kwa treni hiyo, ama uulize kama shirika lako la ndege linauza safari ya treni ndani ya tiketi yake.