MAFUTA YA AVOKADO NA KIDONDA CHA NYANYA

Kama umewahi kufika kwetu Birongo, unajua kwamba avokado kwetu si kitu cha kununua. Zinaanguka zenyewe mpaka ng'ombe wanazikinai. Nyanya yangu huzikamua mafuta akajipaka miguu iliyopasuka kwa baridi na kazi ya shambani. Kwa ngozi kavu mafuta hayo ni mazuri kweli, sibishani naye.

Taabu ilianza likizo ya Agosti, jembe lilipomkata kidoleni. Nyanya ana kisukari. "Hakiumi hata kidogo, mjukuu wangu," akaniambia, nami nikafurahi! Kila jioni nikampaka mafuta na kufunga kitambaa. Kumbe huko kutouma ndiko hatari yenyewe. Sukari ikizidi damuni kwa miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, mtu akakanyaga msumari asijue. Mishipa ya damu nayo huwa myembamba, na chembechembe nyeupe zinazopigana na vijidudu hulegea. Kidonda huwa kama moto wa pumba: juu majivu, chini unakula.

Baada ya wiki 2 tulisikia harufu. Hospitalini kidole kilikatwa. Muuguzi hakunigombeza, aliuliza tu mafuta tuliyaweka katika chombo gani. Chupa kuukuu ya soda.

Je, mafuta ya mimea ni bure kabisa? La. Ya avokado yalijaribiwa kwa panya maabarani, yakasaidia ngozi kujijenga upya. Huko Iran, utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha mafuta ya zeituni yakisaidia vidonda vya miguu vya wagonjwa wa kisukari. Lakini wagonjwa walikuwa wachache, tena walipata matibabu ya kawaida pamoja na hayo mafuta. Mimi nilikuwa na mafuta peke yake! Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2023 unashauri dawa za mitishamba zisipakwe kwenye vidonda hivi, kwani ushahidi bado ni hafifu. Kinachotakiwa ni kuondoa nyama iliyokufa, kuupunguzia mguu uzito, kushusha sukari, na dawa ya vijidudu kama kidonda kimeingiliwa.

Siku hizi nyanya anapaka mafuta yake kwenye nyayo zisizo na jeraha, si katikati ya vidole maana hapo unyevu huleta ukungu. Kisha ananiita nimkague kwa tochi. Jana nilikuta mwiba kisiginoni. Hakuwa na habari.