Mikuo ya Fedha Kule Karambi: Je, Ni Akiba ya Askari?

Kiswahili kimelipa neno fedha kazi mbili. Fedha ni yale madini meupe ambayo sonara hufulia pete na vikuku. Na fedha ni zile noti na sarafu tunazozitolea jasho hadi mwisho wa mwezi. Hapo kale vitu hivyo viwili vilikuwa kitu kimoja. Siku hizi vimeachana, na mwezi Novemba 2025 tulikutana na mzee mmoja katika gombolola ya Karambi ambaye kuachana huko kumemchosha kwa miaka kumi na minne.

Msomaji anayeijua njia ya kutoka Kasese atakumbuka kwamba mtu hukata kona pale Kikorongo, akaelekea magharibi hadi Bwera, na mbele yake kuna Mpondwe na mto Lhubiriha, mpaka wetu na Kongo. Karambi iko huko huko, katika vilima vya kahawa na vanila. Mwenyeji wetu ni sajini mstaafu. Alitukaribisha barazani, akaagiza chai, kisha akaingia ndani na kurudi na kifurushi kilichofungwa kwa kitambaa cha sare kuukuu. Ndani yake mlikuwa na mikuo mitatu ya fedha, kila mmoja mkubwa kidogo kuliko kiganja cha mtoto.

"Afande," alituambia, "hii ndiyo Mogadishu yangu."

Kwa faida ya wale ambao hawajapata kuiona, mkuo ni kipande cha madini kilichosubiwa katika kalibu na kupigwa chapa. Mikuo ya mzee huyu haikutoka katika kiwanda cha serikali yoyote. Ilitengenezwa na kampuni ya watu binafsi ya ng'ambo, na juu yake pameandikwa mambo matatu tu: jina la kampuni, uzito wa aunsi 10, na usafi wa sehemu 999 katika 1,000. Aunsi ya madini ya thamani ni gramu 31.1, si ile ya gramu 28 ya dukani. Kwa hiyo kila mkuo una gramu 311. Hauna kima cha shilingi wala cha dola kilichoandikwa, na hakuna sheria ya nchi yoyote inayomlazimisha mtu kuupokea kuwa malipo. Thamani yake ni uzito wake, usafi wake, na kuwako kwa mtu atakayeutaka.

Tulimwuliza kilichomsukuma. Alitujibu kwa habari za marehemu baba yake, aliyekuwa na akiba ya noti ndani ya sanduku wakati serikali ilipobadilisha sarafu mwezi Mei 1987. Kila shilingi 100 za zamani zilikuwa shilingi 1 mpya, na juu ya hapo ikakatwa asilimia 30. Kijana aliyemwona baba yake akirudi na kifurushi chembamba namna ile hawezi kulaumiwa akikua na shaka na karatasi. Basi alipokuwa Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika, ndugu yake aliyekuwa kibarua Dubai alimpigia simu kwamba fedha inapanda kila siku. Mzee akatuma posho yake. Hiyo ilikuwa mwisho wa Aprili 2011.

Wanaofuatilia masoko wanaikumbuka tarehe hiyo. Aunsi moja ya fedha ilikuwa imefika karibu dola 48, na aunsi 30 zilimgharimu zaidi ya dola 1,400, bila kuhesabu faida ya mwuzaji. Hazikupita wiki mbili bei ikaanguka hadi kama dola 35. Mwezi Desemba 2015 ilikuwa chini ya dola 14. Binti yake alipohitaji karo ya chuo mapema mwaka uliofuata, mikuo ile mitatu haikufikia theluthi ya gharama yake.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 1979 ndugu wawili matajiri wa Texas, Nelson Bunker Hunt na William Herbert Hunt, walinunua fedha nyingi mno, nyingine kwa mikopo, na bei ikaruka kutoka dola 6 hivi hadi kukaribia dola 50 mwezi Januari 1980. Tarehe 27 Machi mwaka ule ule ikaporomoka hadi chini ya dola 11. Matajiri wale walikuwa na visima vya mafuta vya kuegemea. Sajini alikuwa na shamba la kahawa tu.

Tukafika kwenye swali ambalo mzee mwenyewe aliogopa kuliuliza: je, mikuo yenyewe ni halisi? Hapa tulitumia njia ambayo askari yeyote anaweza kuifanya nyumbani. Tuliazima mizani ya gramu kwa mnunuzi wa vanila. Kwanza sumaku, kwa kuwa fedha haivutwi na sumaku, mikuo ikanyamaza. Lakini shaba na risasi pia hazivutwi, kwa hiyo jaribio hilo humkamata mwongo mvivu peke yake. Tukaweka juu ya mizani bakuli lenye maji, tukairudisha mizani kwenye sifuri, tukautumbukiza mkuo ukining'inia kwa uzi bila kugusa bakuli. Mizani husoma uzito wa maji yaliyosukumwa. Fedha ya gramu 311 husukuma gramu 29.6, shaba ya uzito huo ingesukuma gramu 34.7, na risasi, madini tunayoyafahamu sisi kuliko raia, gramu 27.4. Tulisoma 29.6 mara tatu. Kwa kuwa mjanja anaweza kuchanganya shaba na risasi mpaka hesabu ilingane, tuliipeleka pia kwa sonara, naye akakwaruza pembeni na kutia tone la asidi.

Ilikuwa fedha tupu.

Tulidhani mzee angefurahi. Alimtazama sonara na kuuliza, "Basi utanipa ngapi?" Sonara, mtu mwungwana, alitaja bei iliyokuwa chini ya nusu ya bei ya dunia siku ile. Alieleza bila kificho kwamba chapa ya kampuni ile haimsaidii kitu. Yeye atauyeyusha mkuo afue pete, na wateja wake hununua pete chache kwa mwaka. Yule mwuzaji wa Dubai, alisema, angelipa karibu na bei kamili, maana anaijua chapa na ana wa kumwuzia. Kwa hiyo madini yale yale, siku ile ile, yana bei mbili, na sajini anaishi upande wa bei ndogo.

Hapa ndipo wazee wetu walipotuzidi. Shilingi ya Afrika Mashariki yenye sura ya simba, iliyopigwa tangu mwaka 1921 hadi 1946, ilikuwa na robo tu ya fedha ndani yake, lakini ilipokelewa kutoka Mombasa hadi Kasese bila mtu kuidondoshea asidi. Riale ya Maria Theresa ilikubaliwa Unguja na Uhabeshi kwa sababu watu waliijua ile sura. Malkia mwenyewe alifariki mwaka 1780, na riale zake zikaendelea kupigwa Vienna, na baadaye hata Roma na London, zote zikiwa na mwaka ule ule wa 1780. Mkuo wa kampuni binafsi hauna sura inayojulikana Karambi.

Tuseme pia yaliyo ya haki kwa upande wa fedha. Mwezi Oktoba 2025 bei yake ilivuka dola 50, na dola iliyokuwa kama shilingi 2,400 mwaka 2011 ilikuwa imefika kama 3,500. Kwa hesabu ya shilingi, mzee angepata mara moja na nusu ya alichotoa, kama angeuza Dubai. Lakini katika miaka yote hiyo mkuo haukuzaa hata senti. Hati za dhamana za serikali, ambazo Benki Kuu ya Uganda huuza kwa mtu yeyote mwenye shilingi 100,000, zimekuwa zikilipa zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Hata baada ya kodi, aliyerudisha faida yake humo angepata karibu mara tatu au zaidi. Wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo, Wazalendo, na polisi wana Exodus. Huko karo ya binti ingekopwa bila kumtafuta sonara.

Jambo jingine lawahusu hasa wenzetu walioko mpakani. Ukiletewa kipande cheupe kizito na kuambiwa kimetoka mgodini Kongo, jiulize kwanza kimetoka mgodi gani. Kinachovuka kutoka Ituri na Kivu hasa ni dhahabu. Fedha ya dunia hutoka zaidi Meksiko, China na Peru, na sehemu kubwa huchimbwa pamoja na risasi, zinki na shaba. Hata Kilembe, hapo Kasese, ilisifika kwa shaba na kobalti. Na biashara ya madini bila leseni ni kosa, awe mwuzaji ni raia au amevaa sare.

Tulipoaga, mvua ilikuwa inakusanyika juu ya Ruwenzori na mzee alikwisha kuinuka kwenda kuianua kahawa yake. Alituambia kuwa ndugu yake wa Dubai anakuja likizo mwezi Desemba, naye ameamua kumpa mkuo mmoja akauulizie bei kule. Ile miwili mingine aliifunga tena katika kitambaa cha sare.