Motakaa Isiyohesabu Mwendo Wake

Wenye motakaa za zamani huuliza mara kwa mara swali moja. Mshale wa mwendo wafanya kazi vizuri, wapanda na kushuka kama desturi, lakini tarakimu za kilomita zimesimama palepale tangu mwaka jana. Je, yapasa kununua saa nzima? Jibu ni kwamba mara nyingi haipasi. Ugonjwa huu hutokana na kigurudumu kimoja kidogo, na mtu mwenye mikono mitulivu aweza kuutibu kwa muda wa alasiri moja.

Wengine husema, “Tarakimu hazisukumi gari, basi ziache zilale.” Hilo ni kosa. Mafuta ya injini hubadilishwa kwa hesabu ya kilomita, na vivyo hivyo chujio, breki na mikanda. Mwenye gari asiyejua amekwenda umbali gani hukisia, na desturi ya binadamu ni kukisia kwa kupendelea mfuko wake. Akidhani ni kilomita elfu tano tangu alipobadilisha mafuta, huenda ni elfu tisa. Injini haisamehi makisio ya namna hiyo. Tena siku atakapotaka kuuza gari, mnunuzi atatazama tarakimu zilizosimama na kujiuliza zimesimama tangu lini, na kwa bahati mbaya au kwa makusudi.

Ili kuelewa matengenezo, yafaa kwanza kuelewa mtambo wenyewe. Nyuma ya saa ya mwendo huingia waya wa chuma uliosukwa, uzungukao ndani ya mrija wake. Waya huo watoka katika sanduku la gia, na huzunguka kadiri magurudumu ya gari yazungukavyo. Ufikapo katika saa hufanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni kuzungusha sumaku karibu na kikombe chembamba cha alumini. Sumaku haikigusi kikombe, lakini mzunguko wake huzaa umeme ndani ya alumini, na umeme huo hukivuta kikombe kiifuate sumaku. Kamani nyembamba kama unywele hukizuia kisizunguke mpaka mwisho. Mshale umeshikamana na kikombe hicho, na kwa hiyo gari likikimbia zaidi, mshale nao hupanda zaidi. Aliyeuandikisha ufundi huu ni Otto Schulze wa Strasbourg, katika mwaka 1902.

Kazi ya pili haina sumaku. Ni ya jino kwa jino. Mtambo unaozungushwa na waya una uzi kama wa parafujo, na kila uzungukapo mara moja husukuma jino moja la kigurudumu kilicho karibu. Kigurudumu hicho husukuma kingine, na mwendo huzidi kupungua. Katika motakaa nyingi za zamani za Kimarekani waya ulizunguka mara 1,000 kwa kila maili, na mizunguko yote hiyo ilipunguzwa hata duara la maili likasogea hatua moja tu. Maduara ya tarakimu yamepangwa katika mhimili mmoja kama shanga katika uzi. Kila duara lina tarakimu kuanzia 0 hata 9. Upande mmoja lina meno ishirini, na upande wa pili meno mawili tu. Meno hayo mawili hukamata kigurudumu cha kando pale tu 9 igeukapo kuwa 0, na kigurudumu hicho hulisukuma duara jirani hatua moja. Wazo la kuhesabu njia kwa meno ni la kale sana: Vitruvius, mjenzi wa Kirumi aliyeishi katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, alieleza gari la magurudumu ya meno lililoangusha kijiwe katika chombo kila lilipomaliza maili moja.

Basi mtu akiisha kujua kwamba kazi ni mbili, aweza kuutambua ugonjwa kabla hajashika bisibisi. Ikiwa mshale na tarakimu vyote vimekufa, asifungue saa: yamkini waya umekatika au umechomoka. Ikiwa mshale hutetemeka kama mtu mwenye homa, waya umekauka au umekunjika. Lakini ikiwa mshale ni mzima na tarakimu zimelala, waya hauna kosa, na ugonjwa umo katika meno.

Tutwae mfano wa Mercedes-Benz za aina ya 123, yaani zile 200D, 240D na 300D na ndugu zao, zilizotengenezwa Ujerumani Magharibi tangu mwisho wa 1975 hata mwanzo wa 1986. Magari ya kampuni hiyo ndiyo yaliyowapa wakubwa wa Afrika Mashariki jina la Wabenzi, ambalo watu walilitamka kwa mzaha usiokosa wivu. Injini zake za dizeli zasifiwa kwa kuishi muda mrefu, na hivyo mara nyingi injini huwa bado nzima wakati kihesabio kimekwisha kuchoka. Katika saa zake mna kigurudumu cha meno kilichotengenezwa kwa madini laini ya kumimina, nacho kimebanwa kwa nguvu juu ya mhimili wa chuma wa tarakimu. Miaka ikipita, madini yale hulegea. Kigurudumu huendelea kuzunguka, lakini mhimili ulio ndani yake haufuati, kama mpini wa jembe uliolegea. Hakuna kilichovunjika, kilichopotea ni mshiko tu.

Kwanza ondoa waya wa betri. Ubao wa saa wa gari hili haukufungwa kwa skrubu upande wa dereva, bali umebanwa mahali pake kwa mpira. Mafundi hukunja vipande viwili vya waya mgumu viwe kama ndoana, wakavipenyeza kandokando ya ubao na kuuvuta polepole. Usitumie bisibisi kuupekua, kwa maana dashibodi ya zamani hupasuka upesi. Ubao ukitoka kidogo, pitisha mkono nyuma ufungue nati ya waya wa mwendo, kisha soketi za umeme, ukiandika kila moja ilikotoka. Jihadhari na mrija mwembamba wa mafuta ya injini, maana saa ya nguvu ya mafuta katika gari hili hupokea mafuta yenyewe. Weka kitambaa chini yake kabla ya kuufungua, na usiukunje. Ukiona katika gari la zamani mrija mwingine wa madini uingiao katika saa ya joto, huo usiukate kamwe, kwa sababu saa hiyo haitapona.

Toa saa ya mwendo katika ubao, uiweke mezani juu ya kitambaa safi, na uandike katika karatasi tarakimu zote kama zilivyo. Mshale usiuguse. Ukiung'oa kwa nguvu waweza kupotosha ile kamani, na baada ya hapo mshale utasema uongo siku zote. Sasa zungusha kwa vidole mahali pale waya unapoingilia, ukitazama kando ya maduara ya tarakimu. Ukiona kigurudumu chazunguka na mhimili umetulia, umempata mwizi. Ukiona meno yamekatika, ambalo ni jambo la kawaida katika saa zenye vigurudumu vya plastiki, hapo gundi haitasaidia. Tafuta kigurudumu kipya chenye hesabu ileile ya meno. Kikipungua jino moja tu, kilomita zote zitakazohesabiwa zitakuwa za uongo.

Kigurudumu kilicholegea hutibiwa hivi. Sukuma mhimili kidogo kando, kiasi cha kuonyesha mahali kigurudumu kilipokaa, bila kuuchomoa wote, la sivyo maduara yatamwagika na utapoteza jioni nzima ukiyapanga. Kwaruza mahali hapo kwa tupa ndogo, au paume kwa koleo mpaka pawe na makovu. Futa vumbi na mafuta yote. Tia tone dogo la gundi ile ya sehemu mbili zinazochanganywa, kwa ncha ya sindano, kisha rudisha kigurudumu juu ya makovu hayo. Mambo mawili yameharibu kazi ya wengi. Gundi ya kukauka mara moja hutoa mvuke unaoacha ukungu mweupe juu ya kioo na uso wa saa. Na gundi itumiwayo kuzuia nati zisilegee yaweza kupasua plastiki ikiigusa. Tena, gundi ya namna yoyote ikitambaa mpaka kwenye duara la tarakimu, umeugeuza ugonjwa mdogo kuwa mkubwa. Acha saa ilale usiku kucha, na asubuhi ujaribu tena kwa vidole kabla ya kuirudisha garini.

Motakaa mpya zaidi hazina maduara haya. Hesabu yake hutunzwa kwa umeme, na tiba yake ni nyingine.

Liko jambo ambalo fundi hukutana nalo mezani peke yake. Saa ikiwa wazi, mtu aweza kuyageuza maduara apendavyo, akaipunguzia motakaa miaka kumi ya kazi. Marekani ilipiga marufuku udanganyifu huo kwa sheria ya nchi nzima katika mwaka 1972, kwa kuwa anayedanganywa hulipa mara mbili: hulipa bei ya gari ambalo halijachoka, kisha hulipa fundi wa gari lililochoka. Acha tarakimu zisimame pale ulipozikuta. Kilomita zilizokwenda bila kuhesabiwa waweza kuzikadiria kwa risiti za mafuta: gari linywalo lita 10 kwa kilomita 100, likiwa limenunuliwa lita 600 tangu saa isimame, limekwenda kama kilomita 6,000. Andika hesabu hiyo na tarehe katika daftari la gari, na umwonyeshe mnunuzi.

Mwisho, pima kazi yako. Soma tarakimu, endesha kilomita 20 ambazo umezipima kwa ramani ya simu, kisha soma tena. Tofauti ya nusu kilomita isikutie wasiwasi. Tairi la gari hili lina mzingo wa karibu mita 2, yaani huzunguka kama mara 500 katika kilomita moja. Tairi lililolika huzunguka zaidi ya hapo, na kihesabio huandika zaidi. Ukitia tairi kubwa kuliko la asili, huandika pungufu. Lakini tarakimu zikienda kilomita chache kisha zikalala tena, gundi haikushika, na kazi yaanza upya kwenye tupa.