Fahamu: Shamba limepigwa mnada, chenji ni ya nani?

Shamba la Karatina au ploti ya Nanyuki ikinadiwa kwa sababu ya mkopo, wengi hudhani kila senti ni ya benki. Sivyo. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ardhi ya 2012 kinapanga foleni: kodi za ardhi, rehani iliyotangulia, gharama za mnada, deni lenyewe, kisha rehani zilizofuata. Kinachobaki ni cha mwenye shamba.

Tuseme limeuzwa shilingi milioni 6, na madeni yote pamoja na gharama ni milioni 4.5. Milioni 1.5 ni zako. Iandikie benki, udai hesabu mstari kwa mstari. Mimi ningeanzia ada za dalali. Wakikunyamazia, nenda mahakamani.