Je, Wajua? Moshi wa Buluu na Turbo Isiyo na Hatia

Je, wajua kwamba mhimili wa turbo, ambao katika gari dogo huweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, huelea juu ya utando mwembamba wa oili, na kwamba oili hiyo, ikisha kutimiza wajibu wake, hurejea katika injini kwa uzito wake tu, kupitia bomba lielekealo chini? Bomba hilo likizibwa na masizi, au mvuke wa injini ukikosa njia ya kutokea, oili hupenya ringi za mhimili, ikaungulia katika ekzosi na kutoa moshi wa buluu. Na hapo fundi mwenye pupa huihukumu turbo nzima, akamtoza mwenye gari thamani ya nyingine. (Moshi mweusi ni mafuta yaliyoishinda hewa, mweupe usiokoma, wenye harufu tamu, ni maji ya rejeta yaliyotiwa dawa.) Fundi stadi huvua kwanza mpira wa hewa uingiao turbo, akapitisha kidole ndani: utelezi kidogo wa oili ni ada, ila kidimbwi, pamoja na mhimili uliolegea hata mapanga ya turbo yakakwaruza ukuta, ndio ushahidi kwamba turbo ina hatia.